Chura Asiyetaga Mayai

Kwa miaka mingi niliwaimbisha watoto darasani: chura hutaga mayai majini, yai huwa kiluwiluwi, kiluwiluwi huwa chura. Aliyejibu vingine alikosa alama.

Siku hizi nimestaafu, na kila asubuhi napanda njia ya Morningside, simu yenye kamera mfukoni. Napiga picha vitu vidogo: uyoga, konokono, na mara moja tu yule kinyonga mfupi anayefanana na jani kavu. Juzi msituni nilimpiga picha chura mdogo mwenye tumbo lililotuna, nikampelekea mwanafunzi wangu wa zamani aliyesomea wanyama. Alisema picha haitoshi kumtambua kwa hakika, lakini akanifundisha jambo.

Katika misitu ya Uluguru wako vyura wa jamii iitwayo Nectophrynoides ambao hawatagi kabisa. Mayai hukua tumboni mwa mama, naye huzaa vyura kamili, wadogo mno. Mjerumani Gustav Tornier aliandika habari za vyura wa namna hii mwaka 1905. Nami nilifundisha chini ya mlima huohuo bila kujua!

Chura huyu hahitaji dimbwi. Ahitaji kivuli na unyevu wa majani yaliyooza. Msitu ukifyekwa, hana pa kukimbilia. Basi ukipita huko, inama utazame. Inua jani polepole, usimshike, kisha lirudishe jani mahali pake.

Na wewe uliyekosa alama kwangu kwa swali hilo, tukikutana sokoni nidai.