Kufundisha Ubandikaji wa Vinia: Mfano wa Kifuniko cha Piano

Mwanachuo apewapo kazi ya kuunda kifuniko kipya cha piano badala ya kile kilichoharibika, hamu yake ni kuuona uso wa mkangazi uking'aa. Basi hubandika vinia upande wa juu tu, na ule wa chini, usioonekana kifuniko kikifungwa, huuacha mtupu. Gundi ikaukapo ubao hupinda, kingo zikainuka. Vinia ni ghali, na ubao uliopinda hivyo haunyooshwi kwa urahisi.

Kanuni ya kubandika pande zote mbili yaelezeka kwa sentensi moja. Kuiamini ndiyo kazi. Kwa hiyo kipindi cha kwanza kisiguse kifuniko kabisa. Kila kundi lipewe vipande viwili vya plaiwudi nyembamba, kimoja kibandikwe vinia upande mmoja, cha pili pande zote. Baada ya siku mbili wanachuo waweke rula ya chuma juu ya kila kipande. Mwalimu asieleze lolote kabla hawajapima.

Ndipo aeleze sababu. Vinia, yenye unene wa karibu milimita 0.6, hunywa maji ya gundi ikatanuka. Ikikauka husinyaa kukingama nyuzi zake, lakini imekwisha kushikwa na ubao, kwa hiyo huuvuta. Vinia ya upande wa pili, yenye unene na mwelekeo uleule, huvuta kinyume chake. Si lazima iwe ya mbao nzuri.

Nyuzi za vinia sharti zikingame zile za uso wa plaiwudi. Kwa kuwa vinia ya kifuniko hupendeza ikienda kimarefu, plaiwudi ikatwe nyuzi za uso wake zikienda kimapana. Kingo zibandikwe kwanza, uso baadaye, ili kiungo kisionekane kwa juu.

Gundi ya wanyama ipashwe moto katika chombo kilichowekwa ndani ya maji, kiasi cha digrii 60, wala isichemke, maana hudhoofika. Nyundo ya vinia haigongi, ijapokuwa jina lake huwadanganya wengi: huburutwa kutoka katikati kuelekea kingoni, ikisukuma gundi nje. Kisha uso ugongwegongwe kwa ukucha. Penye sauti ya uwazi pana lengelenge. Pachanjwe kufuata nyuzi, pasi ya moto ipitishwe juu ya kitambaa chenye unyevu, na pakandamizwe mpaka papoe. Gundi hii hulainika tena kwa joto na unyevu, ndiyo maana naipendelea kwa wanaoanza.