"Knock off": karani alisema nini?

Siku moja nilimsindikiza jamaa yangu Kasumbalesa, yapata kilomita 90 kutoka hapa Lubumbashi, ili nimtafsirie Kiingereza. Upande wa Zambia, karani wa kampuni moja ya mizigo alifunga daftari akasema: "We have knocked off." Nikakumbuka kamusi, nikamwambia jamaa yangu: "Wamepunguza bei." Akatoa pesa, akashukuru sana. Kumbe karani alisema tu kwamba saa za kazi zimekwisha. Tulilala mpakani.

Msamiati niliujua, kilichonishinda ni sarufi. Knock off ya kupunguza bei hudai yambwa: they have knocked off fifty dollars. Ile ya kumaliza kazi haidai yambwa; huweza kufuatwa na saa, au kusimama peke yake. Karani hakutaja kiasi chochote, na hapo ndipo ningeshtuka. (Knock it off! ina yambwa, lakini it hiyo haitaji kitu: maana yake ni "acha hayo!")

Maana ya kumaliza kazi ni ya zamani, imeandikwa tangu karne ya 17. Uingereza ni lugha ya maongezi. Zambia ni neno la kila siku, migodini na maofisini, hata mkubwa wa kazi hulitumia. Wako wanaosimulia kwamba lilizaliwa katika merikebu za watumwa, ambako mtu aligonga gogo kuwaashiria wapiga makasia wapumzike. Hadithi tamu, haina ushahidi.

Mimi naanzia kwenye off, yenye wazo la kubanduka. Unagonga, kitu kinabanduka. Kazi inakutoka mikononi. Sehemu ya bei inaondoka. Mali inamtoka mwenyewe, yaani imeibwa. Mtu anatolewa uhai. Maana ya bidhaa ya bandia ni ya karne ya 20 na haikai vizuri katika safu hii. Nadhani ilipitia maana nyingine ya kitenzi hiki, kutengeneza kitu harakaharaka. Hapo sikio husaidia: kitenzi hubeba mkazo kwenye off, nomino kwenye knock. Mkazo ukija mwanzoni, huenda vinasemwa viatu vya bandia kama vile vya soko la Kenya.

Na viatu vinanikumbusha kwamba nasi tuna kitenzi cha namna hii. Mama wa Lubumbashi akikuambia "tosha viatu", unavua. Ni toka iliyopewa kiambishi cha kusababisha, kama waka ilivyozaa washa na anguka ikazaa angusha. Kwa mtu wa Dar es Salaam, kutosha ni kuenea, kutopungua. Mwambie mlangoni "tosha viatu", atasimama hapo akijiuliza viatu vimtoshe nani, kama nilivyosimama mimi mbele ya karani aliyekwisha kufunga daftari lake.