Nifunge au Nisifunge? Tuijue Seli Kabla ya Kumjibu Mwenye Selimundu



Ndugu msomaji, mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, si wa biolojia. Biolojia niliiacha sekondari na sikutarajia kuirudia. Nimeirudia kwa sababu ya jibu moja nililolitoa Ramadhani iliyopita, jibu ambalo mpaka leo namwomba Mwenyezi Mungu (s.w.t.) anisamehe.

Siku mbili kabla ya mwezi kuandama, ndugu mmoja tunayekaa naye bweni moja alinifuata baada ya swala ya Isha. Hapa chuoni sisi wa masomo ya dini tunaitwa mashekhe, tustahili tusistahili. Akaniambia, "Shekhe, mimi nina selimundu. Nyumbani mama alikuwa haniruhusu kufunga. Sasa nimeshakuwa mtu mzima, naona haya kula mchana wenzangu wamefunga. Nifunge?"

Sikumuuliza hata swali moja. Nilimtazama nikamwona kijana mzima, anatembea, anacheka, anahudhuria vipindi. Nikamwambia, "Funga ndugu yangu. Weka nia, Mwenyezi Mungu atakutia nguvu."

Siku ya nne, baada ya Alasiri, tulimtoa chumbani kwa kumbeba, akilia kwa maumivu ya miguu na mgongo. Hospitalini alitundikiwa dripu, akapewa dawa kali za maumivu, akalazwa wiki nzima. Daktari aliuliza ni nani aliyemshauri kufunga. Mgonjwa alinyamaza, nami nikanyamaza. Alhamdulillahi, alipona na akarudi darasani.

Wanafunzi wa usuli tunaijua kanuni isemayo kuwa hukumu ya jambo ni tawi la kulifahamu jambo lenyewe. Mimi nilitoa tawi bila kuwa na shina. Dada mmoja wa jumuiya yetu anayesoma udaktari, nilipomsimulia, hakunilaumu. Alituita mimi na wenzangu kadhaa maabara, akatuweka mbele ya hadubini. Somo hili ni yale aliyotuonyesha siku hiyo pamoja na niliyoyasoma baadaye.

Seli ni nini?

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu cha mambo aliyoyaona kwa hadubini. Katika kipande chembamba cha koki, ile inayotengenezewa vizibo vya chupa, aliona vitundu vidogo vilivyopangana, akaviita kwa jina lenye maana ya vyumba vidogo. Kutokana na jina hilo tunasema seli. Wengine husema chembehai.

Seli ni kiumbe hai au sehemu ya kiumbe hai iliyo ndogo kuliko zote ambayo bado inaishi. Kimelea cha malaria ni seli moja tu. Mwili wa mwanadamu una matrilioni ya seli, na aina nyingi za seli hizo zina sehemu zifuatazo:

Utando. Huu ndio mpaka wa seli. Ni mwembamba sana, umejengwa kwa mafuta na protini, na unachagua kipi kiingie na kipi kitoke. Maji hupita kufuata upande wenye chumvi nyingi zaidi.

Saitoplazimu. Ni ule ujiuji ulio ndani ya utando, ambamo shughuli nyingi za seli hufanyika. Sehemu yake kubwa ni maji.

Kiini. Humo huhifadhiwa DNA, yaani maandishi ya maelekezo ya kutengeneza karibu protini zote za mwili. Kila fungu la maelekezo huitwa jeni. Jeni nyingi tunazo mbili mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama.

Ribosomu. Hizi husoma nakala ya maelekezo ya kiini na kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine, kama shanga katika uzi, mpaka protini ikamilike.

Mitokondria. Hapa chakula huunganishwa na oksijeni ili kutoa nguvu ambayo seli hutumia.

Qur'ani Tukufu haikuja kutufundisha majina ya sehemu hizi. Lakini katika Suratu Dhariyat aya ya 21 tunaulizwa kuhusu alama zilizomo ndani ya nafsi zetu, je, hatuzioni? Nilikuwa nimeihifadhi aya hiyo tangu madrasa. Sikuwahi kuitii mpaka siku nilipoinamia hadubini.

Seli nyekundu ya damu

Sasa tuje kwenye seli moja mahususi. Seli nyekundu za damu huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, na mwili wa mtu mzima hutengeneza takriban milioni 2 kila sekunde. Kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini kote.

Ili kuifanya kazi hiyo, seli hii inapokomaa hutoa nje kiini chake. Mitokondria na ribosomu nazo huondoka. Nafasi yote hubaki kwa ajili ya hemoglobini, protini yenye madini ya chuma inayoshika oksijeni. Seli moja ina karibu molekuli milioni 270 za hemoglobini, na kila molekuli inaweza kubeba oksijeni 4. Takriban theluthi moja ya uzito wa seli ni hemoglobini, na karibu yote iliyobaki ni maji. Uwiano huo wa maji na hemoglobini tuukumbuke, kwani ndio utakaotupeleka kwenye saumu.

Umbo lake ni kama andazi lililobonyezwa katikati pande zote mbili. Upana wake ni kama maikromita 7 hadi 8, yaani elfu moja zikipangwa mstari mmoja hazizidi milimita 8. Lakini mishipa midogo kabisa ya damu ni myembamba kuliko hapo. Kwa hiyo seli hujikunja, ikapenya, kisha ikarudia umbo lake. Huishi hivyo kwa siku kama 120, ndipo huondolewa na nyingine kuchukua nafasi.

Herufi moja ikibadilika

Mwalimu wa Kiarabu hutuonya tusichanganye *qalb* na *kalb*. Herufi moja ikibadilika, moyo umekuwa mbwa. Selimundu huanza kwa kosa la namna hiyo.

Mnyororo mmoja wa hemoglobini, unaoitwa beta, una asidi amino 146. Kwa mwenye selimundu, herufi moja ya DNA imebadilika, na matokeo yake ni kwamba asidi amino ya 6, ambayo ingekuwa glutamiki, inakuwa valini. Zile 145 nyingine ziko vilevile. Vernon Ingram alilithibitisha hilo huko Cambridge mwaka 1957. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeelezwa na daktari wa Chicago, James Herrick, mwaka 1910, alipoona seli zenye umbo la mundu katika damu ya mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada. Naam, hata mgonjwa yule alikuwa mwanafunzi aliye mbali na kwao.

Valini hiyo moja huifanya hemoglobini iwe na sehemu ya kunata. Ikiwa imebeba oksijeni, hakuna tatizo. Ikishaitoa oksijeni, molekuli huanza kushikamana na kujisuka kuwa nyuzi ndefu ngumu. Nyuzi hizo huusukuma utando, na seli hujipinda kama mundu. Seli ya namna hiyo haijikunji tena. Hukwama katika mishipa midogo, nyingine hukwama nyuma yake, na nyama au mfupa ulio mbele hukosa oksijeni. Hayo ndiyo maumivu tuliyoyasikia bwenini kwetu. Tena seli hizo hazifiki siku 120. Nyingi hufa ndani ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana wagonjwa hupungukiwa damu.

Mwenye jeni mbili za namna hii, moja kwa baba na moja kwa mama, ndiye mgonjwa. Mwenye jeni moja tu si mgonjwa, ni mbebaji. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha, kwa kazi iliyohusisha pia watoto wa Buganda, kuwa wabebaji wana kinga fulani dhidi ya malaria. Hiyo ndiyo sababu jeni hii imeenea katika nchi zetu zenye mbu. Utafiti wa kitaifa wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto waliopimwa ni wabebaji, zaidi ya mmoja katika kila 8, na asilimia 0.7 wana ugonjwa. Jambo hili limo katika safu zetu za swala.

Maji na saumu

Hapa ndipo nilipokosea. Nyuzi za hemoglobini hazijisuki papo hapo. Kuna kipindi kifupi cha kusubiri baada ya oksijeni kutoka. Seli yenye maji ya kutosha mara nyingi huwahi kurudi mapafuni na kuchukua oksijeni kabla nyuzi hazijashika. Lakini seli ikipungukiwa na maji, hemoglobini husongamana, na kile kipindi cha kusubiri hufupika sana. Nyuzi huiwahi seli ikiwa bado njiani.

Mtu mzima wa afya akifunga, figo zake hubana maji: mkojo hupungua na kuwa mzito. Mwenye selimundu figo zake mara nyingi zimeshaharibika mapema sehemu ile ya ndani inayobana maji, kwa sababu seli zake hujipinda kwa urahisi mahali hapo. Hata asipokunywa, bado atakwenda haja ndogo kama kawaida na kupoteza maji. Kwa hiyo mimi na ndugu yangu tulipokula daku pamoja na kusubiri Magharibi pamoja, hatukuwa katika saumu moja. Mimi nilikuwa na kiu. Yeye alikuwa anakauka. Nilimwambia asubiri, na subira ni ibada kubwa, lakini figo iliyoharibika haibani maji kwa subira.

Sheria inasemaje?

Aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na zimebainisha kuwa Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi. Wanazuoni wameeleza kuwa ugonjwa unaoruhusu kula ni ule ambao saumu itauzidisha, itachelewesha kupona kwake, au itamletea mtu madhara, na hilo hujulikana kwa uzoefu wa mgonjwa mwenyewe au kwa kauli ya tabibu mwaminifu. Madhara yakiwa ni ya hakika, wengi wamesema kufunga hakufai.

Je, alipe lini? Ndugu zetu wa Ulaya huweza kusubiri siku fupi za majira ya baridi. Sisi tulio karibu na ikweta mchana wetu haubadiliki. Saumu ni zaidi ya saa 13 mwezi wowote ule. Ikiwa tabibu amesema mtu huyu hataweza kufunga kwa usalama wakati wowote, hukumu yake ni ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona: katika madhehebu ya Imamu Shafi hutoa fidia ya kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji kwa kila siku, apewe masikini. Ibada yake imetimia kwa njia aliyowekewa na Mola wake, wala si ibada ya daraja la pili.

Abu Daud amepokea kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akahitajia kuoga janaba. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakasema hapana. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwalaumu vikali, akawafundisha kuwa tiba ya kutojua ni kuuliza. Kisa hiki nimekisoma darasani mara nyingi, na kila mara nilijiweka upande wa msimuliaji. Sasa najua nilikuwa upande gani.

Tufanye nini?

Kwanza, mwenye selimundu amwone daktari wake kabla ya Shaaban kwisha, siyo siku ya kwanza ya Ramadhani. Aulize pia kuhusu saa za dawa zake, asiziruke ili kuwahi daku.

Pili, mbebaji wa jeni moja kwa kawaida hufunga kama watu wengine. Asijihesabu mgonjwa. Lakini kabla ya posa wote wawili wapime, kwa kuwa wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa mmoja katika 4 wa mtoto mgonjwa.

Tatu, sisi tunaoitwa mashekhe, tukiulizwa juu ya mwili, tuulize kwanza: Daktari amekwambia nini? Uliwahi kufunga? Ilikuwaje? Maswali matatu tu, nami sikuuliza hata moja.

Nne, tukimwona ndugu anakunywa maji mchana wa Ramadhani, tumdhanie vyema na tunyamaze. Haya aliyoyataja yule ndugu yangu siku ile ilikuwa haya ya macho yetu.

Nilimwendea nikamwomba msamaha. Alicheka, akasema, "Shekhe, na mimi nilitaka uniambie nifunge." Tukaenda pamoja sokoni kupima vibaba vya mchele vya fidia yake.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu, waponye wagonjwa wetu, na utukinge na kusema tusilolijua. Amin.

Wabillahi tawfiq.