KUILINDA KOMPYUTA ILIYOFIKIA MWISHO WA HUDUMA

Watumishi wa Serikali na wananchi wenye kompyuta za mfumo wa Windows 10 wanakumbushwa kwamba mfumo huo, uliotolewa mwezi wa Julai 2015, ulifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu siku hiyo kampuni ya Microsoft iliyoutengeneza iliacha kumpa kila mtumiaji masahihisho ya usalama bila ya malipo kama ilivyokuwa desturi. Kesho yake mashine ziliwaka kama kawaida, barua zikapigwa chapa, na hapana aliyeona tofauti. Hapo ndipo penye hatari. Mashine iliyoharibika hupelekwa kwa fundi siku hiyo hiyo. Hii haikuharibika, basi huachwa mezani na kazi ikaendelea.

Mfumo endeshi ni programu mama inayosimamia mashine nzima: kuwaka kwake, majalada yake, mawasiliano yake na mashine nyingine. Umeandikwa kwa mamilioni ya mistari ya maagizo, na katika wingi huo makosa hayakosekani. Baadhi ya makosa huacha upenyo ambao mtu mwovu aweza kuingilia. Mtengenezaji anapougundua hutoa kiraka cha kuuziba. Microsoft hutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi. Jahazi nalo hukalafatiwa si kwa sababu limejengwa vibaya, bali kwa kuwa safari hulegeza viungo vyake. Mwisho wa huduma maana yake ni kuwa safari zinaendelea na fundi wa kukalafati ameondoka.

Jambo lisilofahamika na wengi ni kwamba hali hiyo huzidi kuwa mbaya kila mwezi. Windows 10 na Windows 11 zina sehemu nyingi za asili moja. Kiraka cha mfumo mpya kinapotoka, wahalifu hukichukua na kulinganisha programu ilivyokuwa kabla na ilivyo baada ya kutiwa kiraka. Palipobadilishwa ndipo palipokuwa na tundu. Kisha hutazama kama tundu hilo limo pia katika mfumo wa zamani, ambao hautazibwa tena. Kwa njia hiyo dawa ya mashine moja huwa ni ramani ya kuivamia nyingine.

Madhara yake yalionekana mwaka 2017. Tarehe 14 Machi mwaka huo Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika sehemu ya Windows inayoziwezesha kompyuta kugawana majalada. Tarehe 12 Mei, yaani karibu miezi miwili baadaye, programu ovu iliyoitwa WannaCry ilipita katika tundu hilo hilo na kuenea katika nchi nyingi duniani, ikifunga majalada ya watu na kudai fidia. Katika Uingereza, hospitali ziliathirika sana: Afisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo ilieleza kuwa mashirika ya afya yasiyopungua 81 kati ya 236 ya England yaliguswa, na miadi ya wagonjwa ipatayo maelfu ikafutwa. Windows XP, ambayo huduma yake ilikuwa imekoma tarehe 8 Aprili 2014, ilipewa kiraka cha dharura baada ya shambulio kuanza.

Watu wengi walilaumu uzee wa XP, lakini ripoti hiyo ya wakaguzi ilisema vingine. Sehemu kubwa ya mashine zilizoambukizwa hospitalini zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao wakati huo ungali unahudumiwa. Kiraka kilikuwapo, hakikutiwa. Wakaguzi waliongeza kuwa hata pasipo kiraka, kinga madhubuti kati ya mtandao wa ndani na intaneti ingaliwalinda wengi. Maneno hayo yana faida kubwa kwa mwenye mashine ya zamani, kwani yanamwonyesha mahali pa kuweka nguvu zake: kuitenga.

Kabla ya kuitenga, ni vyema kuhakikisha hali yake. Mtumiaji hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, akaandika winver, na toleo la mfumo likaonekana. Kwa Windows 10 toleo la 22H2 kuna mpango wa viraka vya ziada unaohitaji kujiandikisha. Kwa watumiaji wa majumbani ulipangwa kufikia tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa taasisi, miaka mitatu kwa malipo, yakianzia dola 61 za Marekani kwa kila mashine katika mwaka wa kwanza na kuongezeka maradufu kila mwaka. Huko ni kukodi muda. Afisi itakayolipa bila ya kuandaa mashine badala itajikuta palepale, na fedha zimekwenda.

Suala la kwanza la kuulizwa ni: mashine hii yafanya kazi gani? Ikiwa imeunganishwa na chombo cha maabara, au inaendesha daftari la zamani lisilokubali mfumo mpya, haina haja ya intaneti. Waya wa mtandao uchomolewe na mawasiliano yasiyo ya waya yazimwe. Ikilazimu kuwasiliana na mashine nyingine, iwekwe katika sehemu yake pekee ya mtandao, na huduma ya kuiendesha kutoka mbali ifungwe, pamoja na ile njia kongwe ya kugawana majalada iitwayo SMB 1. Barua pepe, benki na kupitia kurasa za intaneti vifanywe kwenye mashine nyingine. Mlango unaosahauliwa ni flashi, ambayo hutoka mfukoni mwa mtu na kupita mashine tano kwa siku. Ikaguliwe kwanza katika kompyuta yenye viraka vya karibuni.

Kazi za kila siku zifanywe kwa akaunti isiyo na mamlaka ya msimamizi, na programu zisizotumika ziondolewe. Programu za wizi za “kufungulia” Windows zisiguswe kabisa, maana mara nyingi ndani yake ndimo mwizi alimojificha.

Wapo wanaojiliwaza kuwa wana programu ya kuzuia virusi. Ni kweli kwamba Microsoft imeahidi kuendelea kuipa Defender ya Windows 10 taarifa za virusi hadi Oktoba 2028. Lakini programu hiyo ni mlinzi anayetambua sura za wezi. Haizibi tundu la ukutani, na mwizi mwenye sura ngeni huweza kumpita.

Nakala za akiba ziwekwe katika diski ya nje, nayo ichomolewe mara tu baada ya kunakili. Diski iliyobaki imechomekwa hufungwa na wahalifu pamoja na mashine yenyewe. Mara kwa mara jalada moja lirejeshwe kutoka katika nakala hiyo na kufunguliwa, ili ijulikane kuwa linasomeka.

Kuhamia Windows 11 kunahitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, masharti ambayo mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 haziyatimizi. Mashine hizo aghalabu bado zina nguvu ya kutosha kwa mfumo wa Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint, ambao hupatikana bure na kupewa viraka. Barua na hesabu zitaandikwa kwa LibreOffice. Printa na programu maalumu za afisi zijaribiwe kwanza katika mashine moja.

Mashine itakayoondolewa kazini diski yake ifutwe kwa programu maalumu au itolewe na kuvunjwa kabla ya kupelekwa mnadani. Katika diski za kuzunguka, kufuta jalada kwa njia ya kawaida huondoa jina lake katika orodha, na taarifa za wananchi hubaki mle ndani zikimngojea mnunuzi.