Usalama Maabarani: Kanuni na Sababu Zake

Umezoea kuisikia methali isemayo kuwa ajali haina kinga. Katika maabara ya shule, methali hiyo isiwe kisingizio. Ajali nyingi za humo zina kinga, na kinga yenyewe ni kuelewa sababu ya kila kanuni. Anayekariri kanuni bila kujua sababu yake huisahau pindi mwalimu anapogeuka.

Katika Kidato cha Nne, hatari huongezwa na haraka. Karatasi ya tatu ya Kemia katika mtihani wa KCSE huchukua saa mbili na robo, na kila mtahiniwa hutaka kumaliza. Yazoee mambo yafuatayo tangu sasa ili siku hiyo uyatende bila kusitasita.

1. Kutumia pipeti
Usivute kemikali kwa mdomo. Tumia kifyonzi cha mpira. Ncha ya pipeti ikiinuka kidogo juu ya kiowevu unachovuta, hewa huingia na kemikali huruka ghafla hadi kinywani. Haidroksaidi ya sodiamu huweza kuchoma kinywa na koo.

2. Kuzimua asidi
Mimina asidi polepole ndani ya maji, huku ukikoroga. Usimimine maji ndani ya asidi. Asidi kali ya salfuriki inapochanganyika na maji hutoa joto jingi. Maji ni mepesi kuliko asidi hiyo, hivyo yakimiminwa juu yake hubaki juu, huchemka papo hapo na kurusha asidi usoni.

3. Kupasha moto na kunusa
Elekeza mdomo wa neli ya majaribio mbali nawe na mbali na mwenzako, kwani kilichomo huweza kuruka kinapochemka. Ukitakiwa kutambua harufu ya gesi kama amonia, ipunge kwa kiganja ikujie kidogo kidogo. Usiingize pua kwenye neli. Kumbuka pia kuwa kioo chenye moto na kioo baridi hufanana machoni. Tumia kibanio.

4. Gesi ya mtungi
Washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue gesi ya kichomeo. Ukisikia harufu ya gesi iliyovuja, usiwashe kiberiti wala kugusa swichi ya taa. Funga gesi, fungua madirisha na milango, kisha utoke na kumjulisha mwalimu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo hutuama karibu na sakafu ikisubiri cheche moja tu.

5. Ajali ikitokea
Hili ndilo zito zaidi: usifiche ajali. Tuseme tone la haidroksaidi ya sodiamu limekurukia jichoni kwa kuwa uliivua miwani ya kinga. Unaogopa kupoteza muda au kukemewa, basi unajipangusa kwa mkono wa sweta na kuendelea. Hilo ni kosa kubwa. Alkali hupenya ndani ya jicho na huweza kuendelea kuliharibu hata baada ya maumivu kupungua. Osha jicho mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, ukiwa umezifungua kope, huku mwenzako akimwita mwalimu. Kisha upelekwe hospitalini. Alama ulizopoteza unaweza kuzitafuta katika swali jingine. Jicho likipofuka hutapata jingine.

Ukiungua kwa moto, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Kidokezo: Ukiulizwa kuhusu tahadhari katika mtihani, usiitaje tu, toa na sababu yake.

Maswali ya marudio
(a) Kwa nini ni hatari kumimina maji ndani ya asidi kali ya salfuriki? (alama 3)
(b) Mwenzako amefungua gesi kabla ya kutafuta kiberiti. Eleza hatari iliyopo. (alama 2)
(c) Umemwona rafiki yako akificha jeraha la kemikali kwa kuogopa adhabu. Utamwambia nini, na utafanya nini? (alama 4)
(d) Andika insha itakayodhihirisha maana ya methali: Tahadhari kabla ya hatari. (alama 20)