Somo la Kusikiliza: Wimbo wa Freddie Mercury Uliopitwa na Wengi

Muhula huu nataka tufanye somo la kusikiliza wimbo. Kusikiliza ni kazi kama kusoma kitabu, nayo ina taratibu zake. Wengi wetu hapa Chitete huupenda wimbo kwa sababu unapigwa sana, ama kwa sababu mwimbaji ana jina kubwa. Ukifika Tunduma utasikia muziki ukitoka madukani, kila duka likishindana na jirani yake, na anayelipata sikio lako ni mwenye kelele kuliko wote. Basi mimi nimechagua wimbo usiopiga kelele, ambao watu wengi wameupita, ijapokuwa mtungaji wake anajulikana duniani kote.

Mtungaji huyo ni Freddie Mercury. Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, na wazazi wake walikuwa Waparsi waliotoka Bara Hindi. Alipokuwa mtoto alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, Bara Hindi, akapiga piano katika bendi ya wanafunzi wenzake. Alirudi Unguja mwaka 1963, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, jamaa yao ilihamia Uingereza. Mwaka 1970 yeye na wenzake waliunda bendi ya muziki wa roki iitwayo Queen.

Queen ilikuwa bendi ya watu wanne, na kila mmoja alikuwa mtungaji. Mmoja akileta wimbo, wenzake waliuongezea gita, ngoma na sauti za kuitikia, hata ukawa kama jengo la ghorofa. Freddie hakuiacha bendi hiyo mpaka alipofariki tarehe 24 Novemba 1991. Lakini mwaka 1985 alitoka kando kwa muda, akatoa santuri yake mwenyewe, Mr. Bad Guy, iliyorekodiwa Munich, Ujerumani. Ndani yake umo wimbo uitwao There Must Be More to Life Than This, maana yake, lazima maisha yawe na jambo zaidi ya haya. Nyimbo nyingine za santuri hiyo, kama I Was Born to Love You, zilitolewa pia katika santuri ndogo na kupigwa redioni. Huu ulibaki ndani. Tena tarehe 13 Julai mwaka huohuo Queen walipiga katika tamasha la Live Aid, London, la kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia, na watu wakarudi kumsifu Freddie wa bendi.

Haya, tuusikilize. Kwanza, maneno. Mwimbaji anauliza kwa nini dunia imejaa chuki, kwa nini mwanadamu huvunja alichokijenga kwa mikono yake, na kwa nini tunawatazama wanaodai haki zao kisha tunapita zetu. Hajibu. Mwisho anasema tu analolitumainia, yaani upendo na amani. Mtu anayeuliza bila kujifanya mwalimu wetu ni rahisi kumwamini.

Pili, muziki. Wimbo una dakika 3 hivi. Unaanza kwa piano na sauti ya chini, unapanda katikati, kisha unashuka na kutulia. Freddie alikuwa na sauti ya kuujaza uwanja mzima, lakini hapa anaizuia. Pale anapoipandisha, twajua kuwa swali limemchoma. Ni kweli kwamba vinanda vya umeme vya miaka ile vinasikika vimezeeka kidogo, lakini piano na sauti havijazeeka.

Tatu, historia yake. Queen waliujaribu wimbo huu walipotengeneza santuri ya Hot Space, iliyotoka mwaka 1982, wala hawakuuingiza. Mwaka 1983 Freddie alikwenda nyumbani kwa Michael Jackson, California, wakaurekodi kwa majaribio, kazi haikumalizika. Mwaka 1985 akauimba peke yake. Halafu mwaka 2014 mafundi waliunganisha sauti za wote wawili na ala za Queen, ukatoka katika mkusanyo wa Queen Forever, na watu wengi wakausikia kwa mara ya kwanza.

Atatokea mwanafunzi aseme kwamba ule wa 2014 ndio bora, maana una ala nyingi na majina mawili makubwa. Mimi nasema hapana. Swali la namna hii hujiuliza mtu akiwa peke yake. Likiulizwa na waimbaji wawili hodari, sikio huanza kupima nani amemshinda mwenziwe, na swali lenyewe husahauliwa.

Tena, msije mkaandika katika daftari zenu kwamba Freddie alikuwa akiimba juu ya Unguja. Ni kweli alihama akiwa kijana wa miaka 17, lakini wimbo hautaji mahali popote. Msikilizaji mzuri hushika kilichomo, wala haongezi cha kwake.

Kazi ya likizo ni hii. Chagueni wimbo mmoja wa kijijini kwenu unaoimbwa na mtu mmoja, usio na bendi wala santuri. Usikilizeni mara tatu: mara ya kwanza maneno, mara ya pili muziki, mara ya tatu mkimwuliza mwimbaji aliupata wapi. Kisha andikeni ukurasa mmoja. Freddie aliacha santuri, nasi twaweza kumsikiliza wakati wowote. Bibi yako anayeimba akitwanga hana santuri, na usipouandika wimbo wake sasa, atakwenda nao.