Bastola Mbele ya Mahakama ya Shirikisho

Siku hizi jamaa nyingi za nchi yetu zina mtoto, ndugu au shemeji akaaye Marekani, ama kwa masomo ama kwa kazi. Habari zitokazo huko husema mara kwa mara kwamba Serikali ya Shirikisho imewashtaki vijana kadhaa wa genge fulani kwa makosa ya bunduki. Baba wa nyumba husoma, kisha huuliza: Je, mji ule hauna polisi wake? Mbona Serikali ya Washington yashuka mpaka uchochoroni kumkamata kijana mwenye bastola kiunoni? Swali hilo ni la haki, nasi twapenda kulijibu leo kwa kirefu kidogo. Maana ndani yake limo swali la pili lililo gumu zaidi: ni adhabu ya namna gani inayotuliza mtaa, na ni ya namna gani inayojaza gereza tu?

Yafaa kwanza tufahamu kwamba Marekani ina majimbo 50 (hatusemi majimbo ya Maaskofu, bali ya utawala), na kila jimbo lina sheria zake za jinai, mahakama zake na magereza yake. Kuua, kujeruhi, kunyang'anya kwa silaha, yote hayo kwa kawaida ni makosa ya jimbo. Katiba haikuipa Serikali ya Shirikisho kazi ya kulinda kila mtaa. Iliipa mambo machache yaliyotajwa, mojawapo likiwa kusimamia biashara ipitayo toka jimbo hata jimbo. Kwa uzi huo mwembamba zimeshonwa karibu sheria zote za Shirikisho zihusuzo bunduki. Bastola iliyotengenezwa Massachusetts ikikutwa mfukoni mwa mtu huko Virginia, basi imevuka mpaka. Hata kama ilivuka zamani, mikononi mwa mtu mwingine, yatosha. Ndivyo Mahakama ya Juu ilivyoamua mwaka 1977.

Lakini uzi ukivutwa mno hukatika. Mwaka 1992 mwanafunzi mmoja wa San Antonio, Texas, alikwenda shuleni na bastola, akashtakiwa kwa sheria ya Shirikisho iliyokataza silaha karibu na shule. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliitangua sheria hiyo: kuwa na bastola shuleni, walisema majaji, si biashara. Bunge likafanyaje? Mwaka uliofuata likaiandika sheria ileile upya, likiongeza maneno kwamba bastola iwe imepita katika biashara ya majimbo au yaigusa biashara hiyo. Wanasheria hawakosi sindano.

Mwanzo wa mambo haya twauona Chicago. Tarehe 14 Februari 1929 watu 7 walipangwa ukutani ndani ya gereji, wakapigwa risasi hata wakafa. Hakuna mtu aliyepata kuhukumiwa kwa mauaji yale. Al Capone, ambaye wengi walimhesabu kuwa nyuma ya shauri hilo, alitiwa hatiani mwezi Oktoba 1931 kwa kukwepa kodi ya mapato, akapewa miaka 11. Damu haikumfunga, daftari la hesabu ndilo lililomfunga. Tangu hapo Serikali ya Shirikisho ilijifunza kumkamata mwuaji kwa mlango wa nyuma, nayo hufanya hivyo mpaka leo. Mwaka 1934 ikaja sheria ya kutoza kodi ya dola 200 kwa kila bunduki ya rasharasha. Mwaka 1968, baada ya kuuawa kwa Mchungaji Martin Luther King na Seneta Robert Kennedy, ikaja sheria kubwa zaidi, iliyowakataza watu wa namna mbalimbali wasiwe na bunduki kamwe, hasa wale waliokwisha kuhukumiwa kwa makosa makubwa.

Kuhusu magenge, sheria yenyewe ni ya mwaka 1970. Kabla yake mkuu wa genge aliweza kusema mahakamani: Mimi sikuwapo, mimi sikupiga risasi. Sheria ile ililihesabu genge kuwa kama kampuni moja. Mtu akiendesha mambo ya kampuni hiyo kwa makosa mawili au zaidi, katika orodha iliyowekwa na ndani ya muda wa miaka 10, ashtakiwa kwa uendeshaji wenyewe, naye hujibu pamoja na wenzake wote. Ilitungwa kwa ajili ya Mafia. Baadaye ikatumiwa pia kwa magenge ya vijana wa mitaani.

Sheria ya mwaka huohuo ilileta jambo jingine, ambalo kwa maoni yetu ndilo hasa linaloutofautisha mkono wa Shirikisho na mkono wa mji. Katika mitaa yenye magenge watu huona, lakini hawasemi. Mama aliyemwona mpiga risasi kwa dirisha lake anajua kwamba kesho atakutana dukani na nduguye yule kijana. Mshtaki wa mji hana pa kumficha. Serikali ya Shirikisho yaweza kumhamisha yeye na watoto wake mpaka jimbo la mbali, ikawapa jina jipya na njia ya kuishi. Lakini tusisahau bei yake: kumwacha bibi mzee, kuacha kanisa na kaburi la baba, na kutoandika barua moja kwa moja nyumbani. Wengi hukataa, wala hatuwezi kuwalaumu.

Tena kuna suala la muda. Kwa makosa yaliyotendwa tangu Novemba 1987, mfungwa wa Shirikisho hana tumaini la baraza la kumwachia katikati ya kifungo. Mwenendo mwema humpunguzia siku 54 tu kwa mwaka. Mtu akipewa miaka 10, atakaa karibu miaka 8 na nusu. Kijana aliyezoea mahakama za mji, ambako huingia na kutoka, hushtuka sana akutanapo na hesabu hiyo. Wala asidhani kwamba akihukumiwa na jimbo amemaliza. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha tena kwamba jimbo na Shirikisho ni serikali mbili, na kila moja yaweza kumshtaki kwa bastola ileile.

Sasa tutazame hesabu yenyewe, kwa maana hapa ndipo tunapoona shaka. Sheria yasema kwamba mtu akiwa na bunduki kwa ajili ya kuuza dawa za kulevya au kwa kosa la nguvu, huongezewa miaka isiyopungua 5 juu ya adhabu ya kosa lenyewe, na jaji hana ruhusa ya kupunguza. Akirudia, huongezewa 25. Kurudia maana yake nini? Mtu wa kawaida atajibu: ni kuadhibiwa, kutoka, kisha kufanya tena. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ilikubali tafsiri nyingine: kosa la pili laweza kuwa ndani ya kesi ileile ya kwanza, siku ileile ya hukumu.

Matunda yake yalionekana Utah mwaka 2004. Kijana mmoja mtengenezaji wa muziki, mwenye watoto, aliyehesabiwa kuwa mkosaji wa mara ya kwanza, aliuza bangi mara tatu kwa mtu aliyetumwa na polisi, kila mara kwa dola 350. Ilisemwa kwamba alikuwa na bastola. Hakuitoa kumtisha mtu, wala hakupiga risasi. Juri wakamtia hatiani kwa makosa matatu ya bunduki: 5, na 25, na 25. Jaji Paul Cassell, asiyejulikana kuwa mpole kwa wahalifu, alilazimika kumpa miaka 55, naye alitamka waziwazi kwamba adhabu hiyo si ya haki. Siku iyo hiyo alikuwa amempa miaka 22 mtu aliyemwua mwanamke mzee kwa kumpiga gogo. Kijana yule aliachiliwa mwaka 2016, akasamehewa na Rais mwaka 2020. Bunge nalo, mwezi Desemba 2018, lilibadili sheria: ile miaka 25 sasa yamngoja tu aliyekwisha kuhukumiwa kabla kwa kosa hilo. Lakini waliofungwa zamani kwa hesabu ya kale hawakufunguliwa na badiliko hilo.

Mtu atasema: Hayo ni machungu ya wachache, lakini mtaa umepata amani. Je, ni kweli? Mji wa Richmond, Virginia, ulijaribu njia ya ukali mwaka 1997. Kila aliyekatazwa bastola kisha akakutwa nayo alipelekwa mahakama ya Shirikisho. Mabango yalitangaza mjini kote kwamba bastola haramu ni miaka 5, na mpango wenyewe ukaitwa kwa neno la kupelekwa uhamishoni. Waliushangilia wote, chama cha wapenda bunduki na chama cha wapinga bunduki, jambo ambalo huko ni nadra kama mvua ya kiangazi. Mauaji yalipungua kutoka 140 hivi mwaka 1997 mpaka 94 mwaka 1998. Lakini majaji wa Shirikisho walinung'unika kwamba mahakama yao imegeuzwa kituo cha polisi, na watetezi walilalamika kwamba washtakiwa, wengi wao weusi, walipelekwa mbele ya juri lenye weusi wachache kuliko lile la mji. Hatimaye wataalamu wawili, Steven Raphael na Jens Ludwig, walilinganisha Richmond na miji mingine, wakaona kwamba sehemu kubwa ya upungufu ule huenda ingalitokea hata bila mpango. Maana mauaji yalikuwa yamepanda mno, na kilichopanda mno mara nyingi hushuka.

Boston walishika njia nyingine. Mwaka 1992 vijana wa genge walivamia kanisa moja la Wabaptisti wakati wa ibada ya maziko, wakamchoma kijana kisu mbele ya waombolezaji. Wachungaji wa mitaa ile wakaona kwamba kama wao hawatatoka kwenda barabarani, barabara itaingia kwao. Wakatoka usiku kuongea na vijana. Wataalamu walipohesabu, waliona vijana wa magenge ni 1,300 hivi, chini ya mmoja katika kila 100 wa vijana wa mji, lakini walihusika na angalau asilimia 60 ya mauaji ya vijana. Kuanzia mwaka 1996 waliitwa vikundi vikundi. Mbele yao waliketi polisi, mshtaki wa Shirikisho, wachungaji na watumishi wa jamii. Waliambiwa: Anayetaka shule au kazi, msaada ni huu. Genge litakaloua, tutalishika lote kwa kila sheria tuliyo nayo. Nao walionyeshwa mfano wa mtu mmoja mwenye makosa mengi ya zamani, aliyepewa karibu miaka 20 kwa kukutwa na risasi moja tu.

Twakiri kwamba mfano huo watutia ubaridi. Hata hivyo tofauti yake na Utah ni kubwa. Kule Boston onyo lilitangulia, lilisemwa uso kwa uso kwa watu waliojulikana kuwa hatari, na mlango wa kutokea uliachwa wazi. Mwaka 1990 Boston ilizika watu 152 waliouawa. Mwaka 1999 walikuwa 31. Si kazi ya mpango huo peke yake, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba mauaji ya vijana yalipungua ghafula baada ya mikutano ile. Mikutano ilipoachwa, kwa kugombana na kuchoka kwa viongozi, mauaji yakapanda tena.

Twarudi sasa kwa mtoto wetu aliyeko masomoni, maana sheria hii yamhusu hata kama hajapata kuona genge. Mgeni aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, hata ya mwanafunzi, kwa kawaida hana ruhusa ya kushika bunduki wala risasi, isipokuwa kwa nafasi chache kama kuwa na leseni ya uwindaji. Asiye na kibali cha kukaa hana ruhusa kabisa. Tangu mwaka 2022 adhabu yaweza kufika miaka 15. Mwanafunzi mmoja kutoka Falme za Kiarabu alifukuzwa chuo huko Florida kwa sababu ya kushindwa masomo, akakaa nchini, akaenda na kukodi bastola mahali pa kulenga shabaha. Hakumwelekezea mtu. Alipewa miezi 18. Mwezi Juni 2019 Mahakama ya Juu, kwa kura 7 dhidi ya 2, iliitengua hukumu hiyo, ikasema kwamba Serikali yapaswa kuthibitisha kuwa mtu alijua si tu kwamba ameshika bastola, bali pia kwamba yeye ni miongoni mwa wale waliokatazwa. Na baba aliyemwandikia mwanawe barua akimweleza hayo, amemwondolea udhuru huo.